Kifaa Kwanza, Draiva Baadaye

Kompyuta ikigoma kutambua kitu, iwe Nchelenge upande wa Zambia au ng'ambo ya ziwa kule Pweto, hukumu ya fundi mara nyingi ni ileile: draiva hamna. Mteja ananunua bando, fundi anashusha mafaili mazito, na yakishindikana, mashine inapigwa Windows upya. Toleo hili linahusu kerneli ya Linux, na nalifungua kwa ubishi: swali la draiva ni la pili. La kwanza ni kama kerneli imeshakisajili kifaa chenyewe.

Utaratibu wa sasa wa kusajili vifaa ulikuja na Linux 2.6, Desemba 2003, na Patrick Mochel ndiye aliyeujenga kwa sehemu kubwa. Kila njia ya kuunganishia vifaa, USB au PCI, ina orodha mbili, ya vifaa na ya draiva. Kifaa kikiingia hulinganishwa na draiva zote zilizopo. Draiva ikiingia hulinganishwa na vifaa vyote visivyo na mwenyewe. Nani katangulia si hoja. Lakini draiva nyingi hukaa diskini kama moduli, na hizo hazijipakii tu. Kifaa kinaposajiliwa, kerneli hutoa tangazo lenye namba zake, na programu ya udev ikilisikia ndipo huita moduli inayofaa. Kwa hiyo usajili ndio unaoita draiva.

Msomaji wa Mwansabombwe hatashangaa kwamba usajili hutangulia. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa huko, Novemba 1867, alipokewa na Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekwisha kaa pale miaka mingi, akapewa kibanda. Siku chache baadaye ndipo alipoitwa barazani. Habari zake zilikwisha fika kabla hajapata wa kumsikiliza.

Chukua modemu za USB za Huawei. Nyingi, zikichomekwa, hujitambulisha kwanza kama sidii yenye programu za Windows, chini ya namba ya mtengenezaji 12d1. Linux huzisajili hivyohivyo na kuzipa draiva ya hifadhi, wala haijakosea. Mpaka programu ya usb_modeswitch izitumie ujumbe ndipo zinapotoweka na kurudi kwa sura nyingine, zikasajiliwa upya kama modemu. Fundi anayeandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, kabla na baada anayaona yote. Aliyekimbilia bando anashusha kitu ambacho kwa kawaida kimo tayari ndani ya Linux yake.

Ugumu wenyewe uko kwa vifaa visivyojua kujitaja. Raspberry Pi, hadi ile ya 4, haina saa yenye betri. Umeme wa sola ukikatika na mtandao usiwepo, huendelea kuhesabu kutoka muda uliohifadhiwa mwisho. Anayetaka kuandika mizani ya chisense, samaki wadogo wa ziwani, pale Kashikishi kwa mashine kama hiyo atapata tarehe za uongo, na tarehe si jambo dogo kwenye ziwa ambalo upande wa Zambia hufungwa kwa uvuvi tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Dawa yake ni chipu ya saa, DS3231. Lakini chipu hiyo hukaa kimya kwenye nyaya za I2C. Haina namba ya kujitangaza. Ni lazima mtu aisajili kwa mkono, kwa mstari mmoja katika config.txt: dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Mstari huo huiongeza chipu kwenye mti wa vifaa, ambao kerneli huusoma inapowaka. Zamani orodha za namna hii ziliandikwa kwa lugha ya C ndani ya kerneli yenyewe, faili kwa kila bodi, hadi mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipokuja juu kuhusu msongamano wa bodi za ARM.

Sikatai kwamba usajili wa mkono una hatari yake. Kerneli huliamini neno la mwandishi: ukisajili saa ambayo haijaunganishwa, draiva itapakiwa, itaipigia hodi, haitajibiwa, na kumbukumbu zitaandika lalamiko. Bado naona ni heri hivyo, kwa sababu kosa la namna hiyo husomeka. Amri ya i2cdetect huchora jedwali la anwani za I2C. Likionyesha 68, anwani ya DS3231, chipu ipo ila hakuna draiva iliyoishika, basi rudi kwenye config.txt. Likionyesha UU, draiva imeshaichukua. Na palipo na vistari tu, chukua bisibisi ukague waya.