Kidonge cha Presha na Uzito wa Mwili



Wasomaji wetu watukufu, mama mmoja mchuuzi wa nguo mpakani Busia ameleta suali ambalo, naamini, laulizwa katika nyumba nyingi. Tangu aanze kumeza dawa za shinikizo la damu, miezi minane sasa, ameongezeka kilo sita. Majirani wamemwambia ni dawa. Naye ataka kujua kama ni kweli, na kama dini yamruhusu kuziacha.

Jawabu la suali la kwanza ni kwamba ziko dawa za presha zinazougusa uzito, na ziko zisizougusa. Haifai kuzihukumu zote kwa hukumu moja.

Kundi moja ni la zile zinazopunguza kasi ya moyo, mfano wa atenololi na propranololi. Moyo ukipunguza mwendo, mwili nao hutumia nguvu kidogo kuliko kawaida, na mtu huweza kuhisi uchovu akapunguza harakati. Uzito waweza kupanda, lakini kwa wastani ni yapata kilo moja tu, na aghalabu katika miezi ya mwanzo. Kundi la pili ni vidonge vinavyotoa maji kwa njia ya mkojo. Hivi huweza kupunguza uzito kidogo mwanzoni, ila kinachopungua ni maji, si mafuta. La tatu ni amlodipini na jamaa zake, ambazo huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Hayo ni maji yaliyotuama, wala si unene. Ama enalaprili na losatani, kwa kawaida haziongezi uzito.

Basi kilo sita haziwezi kutwikwa kidonge peke yake. Mwenye kuketi kibandani tangu asubuhi hadi Magharibi, akala chapati na soda kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu, atanenepa hata bila ya dawa. Hali ni hiyo hiyo kwa waume na ndugu zetu madereva wa malori, wanaoketi zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa hadi Malaba, kisha wakaketi tena foleni. Na unene wenyewe hupandisha presha. Kupunguza kilo chache tu huweza kuishusha.

Mpakani pana jambo jingine la kuangaliwa. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya viwanda. Anayenunua leo Busia ya Kenya na kesho ng'ambo ya Uganda aweza kumeza dawa ile ile mara mbili bila ya kujua. Tunza pakiti zote, na umwonyeshe mhudumu wa afya jina la dawa yenyewe, si jina la kiwanda pekee.

Ama kuziacha kwa shauri la majirani, hapana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na maradhi haya aghalabu hayatoi dalili mpaka kiharusi kimeshapiga. Zile dawa za kutuliza moyo zikikatwa ghafla huweza kuudhuru moyo wenyewe. Mwili ni amana, na Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Kuchelea unene si udhuru wa kuihatarisha nafsi.

Lakini kuomba kubadilishiwa dawa ni haki ya mgonjwa, wala hakuna aibu ndani yake. Dada yetu ajipime uzito mara moja kila wiki, asubuhi, kwa mizani ile ile, aandike, kisha aipeleke karatasi hiyo kliniki pamoja na pakiti zake. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Mwenye mimba, au anayeitarajia, amwarifu daktari mapema, kwani baadhi ya dawa hizi, zikiwemo enalaprili na losatani, hazimfai. Na uzito ukipanda kilo mbili au zaidi kwa siku chache, miguu ikavimba na pumzi zikabana, hilo si la kungoja kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe subira ya kufuata tiba. Aamin.