Staa Kaingia Ligi ya Makere kwa Mbwembwe, Kasepa Kimya Kimya

Jina halitajwi, na wala halihitajiki. Wanaomfuata Insta watamjua kwa mwendo wake: miwani usiku, gari la kuazima, na ule mtindo wa kujiita mtoto wa Kigoma kila anapotaka kupendwa na watu wa kwao. Agosti 2024 alijiunga na ligi ya Fantasy ya watu wa Makere. Akapiga picha ya skrini ya kikosi chake, akaitupia stori na maneno ya kuwanyanyasa wapinzani, watu wakacheka, like zikamiminika. Kufika Novemba timu yake ilikuwa maiti. Haijazikwa, haijaagwa, imeachwa tu pale kwenye msimamo inanuka.

Mashabiki wake wanasema ni gemu tu bana, mbona watu wanakuza mambo.

Basi tukuze.

Makere iko kwenye barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Wengi mjini wanaijua, kama wanaijua, kwa sababu ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996. Lakini Makere ina vijiwe, ina vibanda umiza vinavyojaa Jumamosi mpaka watu wanachungulia dirishani, na ina ligi ya Fantasy iliyoanza msimu wa 2016/17. Msimu wa 2024/25 ulikuwa wa tisa. Wanachama 20, kiingilio msimbazi mmoja kila mtu, jumla laki mbili. Bingwa anachukua laki na ishirini, wa pili elfu 50, wa tatu elfu 30. Nusu ya wanachama hawaishi tena Makere. Wako Kasulu mjini, Kigoma, Mwanza, Dar, mmoja yuko Muscat. Wengine hawajaonana ana kwa ana miaka, ila kila wiki wanatukanana vizuri kwenye grupu la WhatsApp kwa sababu ya nani kamweka nani kapteni. Ukiiondoa hiyo ligi, hao watu wangekuwa wanatafutana kwenye misiba tu.

Kwa wale ambao mpira wao unaishia kwenye mkeka: Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza ni bure, na msimu wa 2024/25 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 11 duniani. Unapewa bajeti ya milioni 100 ya kubuni, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Wakifunga kweli uwanjani, wewe unapata pointi. Kapteni wako anazidishwa mara mbili. Kila wiki una angalau badiliko moja la bure, na ukitaka zaidi ya uliyo nayo unakatwa pointi 4. Wiki 38, kuanzia Agosti mpaka Mei.

Sasa Makere hawachezi ule mtindo wa kulimbikiza pointi ambao timu ikifa inashuka tu chini na hakuna anayeumia. Wanacheza ana kwa ana. Kila wiki unapangiwa mpinzani mmoja, ukimzidi pointi unachukua 3, mkitoka sare 1. Timu 20, wiki 38, hesabu inakaa yenyewe: kila mtu anakutana na kila mtu mara mbili, kama ligi ya kweli. Uzuri wote uko hapo, na ubaya wa staa nao unaanzia hapohapo.

Jamaa alikuwa hai kwa wiki tisa. Watu tisa walikutana naye akiwa anabadilisha wachezaji, anafuatilia majeruhi, anapanga benchi. Wale kumi waliobaki walikutana na mzoga, mara mbili. Hiyo si ligi moja tena, ni ligi mbili zilizoshonwa pamoja kwa uzi mbovu, na hakuna aliyechagua awe upande upi.

Mfano halisi, na huu ndio unaowauma watu wa kijiweni mpaka leo. Aliyemaliza wa pili ni dereva boda. Alipangiwa staa wiki ya 3, ile wikiendi Liverpool ilipoipiga Manchester United 3-0 Old Trafford na Salah akahusika kwenye mabao yote matatu. Staa alikuwa na Salah, tena kapteni. Boda akalala, kihalali kabisa, hakulalamika. Aliyekuja kuwa bingwa yeye alipangiwa staa wiki ya 15. Hiyo ndiyo wiki ya dhoruba, Desemba 7, mechi ya Everton na Liverpool ikaahirishwa asubuhi ya Jumamosi. Saa ya mwisho ya kupanga kikosi ilikuwa saa 8 mchana kwa saa za huku, kwa hiyo kila mwenye uhai alishika simu akamtoa Salah kwenye ukapteni. Timu ya staa haikumtoa. Nani amtoe? Bingwa akachukua pointi 3 kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Walipokutana tena wiki ya 34 akachukua nyingine 3.

Mwisho wa msimu bingwa alimzidi boda kwa pointi 2.

Bingwa hakuiba, hilo lieleweke, alicheza na alichopangiwa. Lakini tofauti ya zawadi ya kwanza na ya pili ni elfu 70. Kwa mtu anayeamka saa 11 alfajiri kusaka abiria kwenye baridi ya huko juu, elfu 70 siyo content. Na hata pesa ukiiweka pembeni, miaka tisa hajawahi kuchukua ubingwa, na safari hii umeamuliwa na timu isiyo na mwenyewe.

Watetezi wana hoja moja ambayo angalau ina meno: kwamba maiti ile haikuwa mteremko, ilishinda mechi kadhaa. Kweli. Msimu ule Salah alimaliza na pointi 344, rekodi ya mchezo mzima, na timu iliyomwacha kapteni bila kuguswa haikuwa ya kubeza. Ila hoja hiyo inazidisha kosa, haipunguzi. Muulizeni dada wa Muscat.

Huyu dada anafanya kazi za ndani. Simu anaishika mwenye nyumba akiridhika, si yeye akitaka. Saa 8 mchana ya Makere kwake ni saa 9, na huo ndio muda wa vyombo vya chakula cha mchana. Misimu mitatu mfululizo amemaliza wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, na anataniwa kwa hilo vibaya sana, naye anajibu vibaya zaidi. Lakini hajawahi kukosa wiki. Hata moja. Anapanga kikosi usiku wa Alhamisi akiwa kitandani kwa sababu hajui Jumamosi itamkuta wapi. Wiki ya 17 akapangiwa staa. Akamtoa mchezaji aliyekuwa na maumivu, akapanga benchi lake vizuri, akalala na matumaini. Jumamosi Saka wa staa akaumia, akatoka mapema, ikaonekana sasa dada anapona. Jumapili Liverpool ikaenda Tottenham ikashinda 6-3, Salah mabao mawili na pasi za mabao mbili. Kiungo akifunga ni pointi 5, pasi ya bao 3, hiyo tayari ni 16 kabla ya kuongeza chochote, halafu zidisha mara mbili kwa ajili ya ukapteni aliopewa na mtu ambaye hakumbuki hata kama alimpa.

Dada akafungwa na mzimu. Kwenye grupu watu wakacheka, naye akacheka. Lakini kuna kufungwa na mtu aliyekesha akikuwazia, na kuna kufungwa na mtu asiyejua kama upo. Hivi viwili havifanani hata kidogo.

Saka, kwa taarifa tu, alirudi uwanjani Aprili mosi. Miezi yote hiyo alikuwa bado ameajiriwa kwa staa.

Utetezi wa mwisho ulitoka kwa mtu wake wa karibu, kwamba staa alichanganywa na mabadiliko ya saa za Uingereza mwishoni mwa Oktoba, akapitwa, kisha akakata tamaa. Huu ni uongo wa kitoto. Saa za Uingereza zikirudi nyuma, ile mechi ya mchana wa Jumamosi inasogea mbele kwa saa moja huku kwetu, na saa ya mwisho inatoka saa 7 kwenda saa 8 mchana. Yaani aliongezewa saa nzima! Na Jumamosi hizohizo alikuwa laivu akionyesha samaki wa kuchoma ufukweni. Dakika mbili za kuingia na kumtoa majeruhi hazikupatikana, za samaki zilikuwepo.

Ukweli unaojulikana kijiweni ni mwingine. Oktoba alipigwa mara tatu mfululizo, na kipigo cha mwisho alichezea kwa fundi viatu. Akakosa cha kutupia stori. Kwa mtu wa aina yake timu ni picha, na picha ikiwa mbaya inafutwa. Tatizo ni kwamba hii haifutiki, ina watu 19 upande wa pili.

Michezo hii haikuanzia kwenye simu wala kwenye mpira wa miguu. Ilitoka Marekani, kwenye besiboli. Mwaka 1961 kulikuwa tayari na Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu ambao watu waliendeshea ligi nzima mezani. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake wakaanzisha ligi yao New York, wakaipa jina la mgahawa waliokuwa wakikutania, La Rotisserie Française. Hakukuwa na programu ya kuhesabu, waliokota takwimu kwenye magazeti na kujumlisha wenyewe kwa mkono. Zipo ligi za besiboli za kompyuta zinazoendeshwa hivyo kwa miaka mingi, na huko adui anayeogopwa kuliko wote ni timu isiyo na mwenyewe. Ukichoka unasema. Admin anatafuta mtu mwingine, anarithi kikosi chako kama kilivyo, na majeruhi wake na mikataba yako ya kipuuzi, ligi inaendelea. Hakuna anayekulaumu kwa kuchoka. Unalaumiwa kwa kupotea bila kuaga, na hilo Mmakonde na Muha wote wanalielewa bila kufundishwa na Mmarekani.

Na admin naye asijifiche nyuma ya kiti. Mwanachama mwingine yeyote wa Makere akikosa wiki mbili anapigiwa simu, akikosa ya tatu anasemwa mpaka kwa mama yake. Staa alikosa ishirini na tisa, na admin aliyaandika maneno ya upole mara moja tu, na emoji ya mikono imekunjwa. Kisa? Picha ya grupu mpaka leo ni ya staa. Ligi iliyojiendesha miaka minane bila umaarufu wa mtu ikaona aibu kumuudhi mtu mmoja mwenye wafuasi. Wazee wa kijiwe nao kimya, maana wawili walikuwa wameshapewa ahadi ya jezi. Jezi zenyewe hazijafika.

Sasa msimu mpya wa 2025/26 unakuja na mzigo ni mkubwa zaidi. Kadi maalum, Wildcard na wenzake, zimewekwa seti mbili, na seti ya kwanza usipoitumia nusu ya kwanza inapotea. Desemba 21 inaanza AFCON ya Morocco, Salah anaondoka na Misri, na mchezo utawapa mameneja mabadiliko matano ya bure kabla ya hapo wajipange. Taifa Stars nao wamo, kwa hiyo hata wenye timu hai watakuwa na mawazo mawili kichwani. Maiti yenye Salah kapteni wakati Salah yuko Morocco, hiyo itakuwa zawadi ya Krismasi kwa atakayepangiwa nayo, na wizi kwa wengine wote.

Na staa kaomba kodi ya ligi tena. Wiki iliyopita, kwa ujumbe wa sauti, sauti ikiwa tamu kweli. Admin kamtumia.

Haya, asizuiwe. Ni mtoto wa kwao. Ila aingie kwa masharti ambayo kila mtu atayakubali: alipe misimbazi miwili, mmoja wa kiingilio, mwingine anashikiwa na mweka hazina mpaka wiki ya 38, na akipotea wiki tatu unaingia kwenye chungu cha zawadi. Halafu nywila ya timu yake akabidhiwe dogo mmoja wa pale Makere, wapo tele wanaoujua mchezo huu kuliko yeye ila msimbazi wa kiingilio hawana, ili siku akichoka timu ipate mtu wa kuilea. Mchezo unafungwa Ijumaa, Agosti 15, saa 2:30 usiku, dakika 90 kabla ya Liverpool na Bournemouth. Nywila ifike kabla ya hapo, na picha ya grupu ibadilishwe usiku huohuo.