Rusumo Nayo Ichapwe Kwenye Bamba

Na Sperancia Ntakije

Picha ya fremu ya mbao na kioo imepata mshindani katika hoteli na ofisi za miji yetu: picha iliyochapwa juu ya bamba la alumini. Wino hugeuzwa mvuke kwa joto la karibu nyuzi 200, ukapenya ndani ya utando uliopakwa juu ya bamba, na ndiyo maana picha hiyo husafishwa kwa kitambaa chenye maji bila kuharibika. Kwa nyumba za wageni zilizo barabarani kati ya Nyakanazi na Rusumo, wanakopita madereva wa malori usiku na mchana, sina ugomvi na bidhaa hiyo. Ugomvi wangu ni na kinachochapwa. Mnara wa Eiffel, daraja la Brooklyn, daraja la Golden Gate: kazi za wahandisi wa mbali, zimetundikwa juu ya kichwa cha dereva ambaye kesho yake atavuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, bila ukuta wowote kumwambia anavuka nini. Halmashauri za Ngara na Biharamulo, na wenye hoteli pia, waagize mabamba ya kazi za uhandisi zilizo kwao, na kila bamba liwe na maelezo yake.

Jibu la haraka ni kwamba hatuna cha kutundika. Daraja la Rusumo lina urefu wa mita 80 hivi. Litajipimaje na mnara unaozidi mita 300? Lakini mnara huo haukuzaliwa ukiwa fahari ya Ufaransa. Mwaka 1887, ujenzi ukiwa ndio kwanza umeanza, wasanii na waandishi wa Paris, Guy de Maupassant akiwamo, walichapisha barua gazetini wakilalamika kwamba utaliumbua jiji. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20, na kilichouokoa kwa sehemu kubwa ni faida yake katika mawasiliano ya redio. Wakati huohuo ulikuwa ukichorwa, ukipigwa picha, ukiuzwa kwenye kadi za posta, mpaka aliyeko Benaco, wilayani Ngara, leo analijua umbo lake. Umaarufu wa jengo hutengenezwa, na mara nyingi hutengenezwa na vitu vya bei ndogo.

Rusumo haikosi cha kusimulia. Juu kidogo ya maporomoko, Ruvubu na Nyabarongo hukutana kuwa Kagera, kisha maji yote hujibana katika mwanya wa mwamba. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipitia hapo mwaka 1894 kuingia Rwanda. Daraja la 1972 lilikuwa la njia moja, gari likingoja gari, hadi lilipojengwa jipya la njia mbili kwa msaada wa Japani. Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walilizindua rasmi Aprili 6, 2016, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Hapohapo kwenye maporomoko sasa kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na fungu letu husafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Mchoraji anayekosa bamba hapo abadili kazi.

Wapo watakaosema hilo ni daraja la Wajapani. John Roebling, aliyelisanifu daraja la Brooklyn, alizaliwa na kusomea Ujerumani, wala simjui Mmarekani anayeliita daraja la Wajerumani. Hata hivyo pingamizi hilo lina ukweli ndani yake: mabamba yote yakionyesha misaada, mtoto atajifunza kwamba uhandisi hutoka ng'ambo. Kwa hiyo lazima tanuri la chuma liwemo. Warongo waliyeyusha chuma pande hizi za Biharamulo na Geita kwa mivukuto na mabomba ya udongo muda mrefu kabla ya bati la kwanza kuingia. Kuhusu majirani zao wa Uhaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa kale walipata chuma cha pua kwa kuipasha hewa joto kabla haijaingia tanurini. Wataalamu wengine wamelibishia suala hilo la hewa. Vizuri; mabishano hayo nayo yaandikwe chini ya picha, maana watu hawabishani juu ya kazi isiyo na akili ndani yake.

Pingamizi zito ni la 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kukimbilia Tanzania kwa muda wa kama siku moja, na chini ya daraja maji yalikuwa yakibeba miili ya waliouawa kuelekea Ziwa Victoria. Je, mahali kama hapo pafanywe pambo la sebuleni? Kama pambo tupu, hapana, na yeyote atakayechapa machweo ya dhahabu juu ya daraja lile aone haya. Lakini kulificha daraja hakuwasaidii waliokufa, na waliopona waliponea juu ya chuma hicho. Bamba la Rusumo liandike mwaka 1994 kwa herufi zilezile za 1972 na 2016. Ndivyo ninavyosema pia kuhusu boma la Wajerumani la Biharamulo: lionyeshwe, na iandikwe lilikuwa ngome ya utawala wa nani juu ya nani.

Gharama nazo zitatajwa, kwamba zahanati inahitaji dawa kabla ya picha. Sipingi. Ninachotaka ni fedha ambayo tayari hutumika kununua mapambo, si shilingi ya dawa. Pa kuanzia pawe kituo cha mpakani Rusumo, ambako dereva hukaa akisubiri karatasi zake zigongwe muhuri: bamba moja, mchoro wa daraja wenye vipimo, maelezo kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kihangaza cha Ngara.