Nyaya Juu ya Dari ni Jambo Letu



Kiwandani tukiona waya umechubuka kwenye mashine, tunamwita msimamizi, na hatuigusi mashine ile mpaka itengenezwe. Lakini jioni tunarudi Nyamirambo, Gikondo na Kimisagara, tunalala chini ya nyaya mbovu kuliko hizo, wala hatusemi neno. Kwa nini? Kwa sababu hatuzioni. Zimefichwa kati ya dari na mabati.

Chumba cha kupanga mara nyingi kina taa moja na soketi moja, au hakina soketi kabisa. Mpangaji anataka kuchaji simu, kupiga pasi, kuchemsha maji ya mtoto. Mwenye nyumba anamleta kijana wa mtaani. Kijana anapanda darini, anaukata waya wa taa, anausokotea mwingine, anafunga kwa nailoni na kushusha soketi ukutani. Kazi ya nusu saa, bei nafuu. Nasi tunashukuru!

Tupige hesabu. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5, na hulindwa kwa breka ya ampea 10. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni wati 2,300 tu. Birika moja la umeme laweza kula wati 2,000. Ukiongeza pasi, breka inaanguka. Hapo fundi mbabaishaji huweka breka kubwa zaidi "ili isisumbue". Tangu siku hiyo breka hailindi tena. Waya ndio unaochemka. Na chini ya mabati yaliyopigwa na jua, penye vumbi na panya, kiungo cha kusokota ni kiberiti kinachongoja.

Haya si ya kubuni. Mwaka 2014 Kigali iliona moto baada ya moto, na hitilafu za umeme zilitajwa miongoni mwa sababu.

Basi tudai nini? Soketi ziwe na laini yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, kwa waya wa milimita mraba 2.5, pamoja na waya wa ardhi wa kijani na njano. Nyaya za darini zipite ndani ya mabomba, na viungo vyote viwe ndani ya visanduku vyenye vifuniko. Kiwepo kifaa cha kukata umeme mara unapovuja, cha miliampea 30. Na kazi ifanywe na fundi mwenye kibali cha RURA.

Wapo wanaosema: "Tukidai, kodi itapanda, au tutafukuzwa." Hofu hiyo ina sababu. Mpangaji mmoja akilalamika, ataambiwa ahame. Lakini wapangaji wote wa ua mmoja wakienda pamoja, si rahisi kuwahamisha wote kwa siku moja. Nyaya ni sehemu ya nyumba kama lilivyo bati, na mwenye bati ndiye mwenye nyaya. Wenzetu wa mashamba ya chai wanaokaa nyumba za mwajiri, nao wamdai mwajiri vivyo hivyo.

Viwandani mwetu wamo mafundi umeme stadi. Chama kiwaombe watembelee nyumba za wenzao, wapande darini, waseme ukweli wa walichokiona.

Usalama wa mfanyakazi hauishii kwenye geti la kiwanda. Umoja ni nguvu, hata nyumbani!