Wazazi, Watoto na Ngoma za Mavuno

Kazi za shamba zinapopungua Usukumani, kati ya Juni na Agosti, huja msimu wa ngoma. Katika Mkoa wa Simiyu, ambako pamba ndiyo uti wa mgongo wa mkulima, wazee kwa vijana hukusanyika kutazama mashindano ya Bagika na Bagalu. Vyama hivyo viwili vilianzishwa katika karne ya 19 na waganga mashuhuri, Ngika na Gumha. Vikundi hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na kinachovuta watazamaji wengi ndicho kinachoshinda.

Huko Bariadi tulimwona mzazi mmoja kutoka Ukerewe. Alikuwa amevuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, akapita Bunda na Lamadi, ili bintiye wa miaka sita aone ngoma ya mavuno. Mtoto alimvuta baba yake mkono kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili, mara tatu. Katika mashindano haya kila anayehama hupunguza huku na kuongeza kule. Kwa hiyo hata mtoto huyo alikuwa mwamuzi kamili.

Walipofika kwa wachezaji wa bugobogobo, vijana walikuwa wakirusha majembe juu na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Mtoto akauliza wanaimba nini. Baba akajibu, "Sijui, mama. Wimbo huu nilikuwa nikiusikia redioni kwa babu yako, lakini sikuwahi kumwuliza." Bibi mmoja aliyesimama karibu ndiye aliyemweleza kwamba nyimbo za namna hiyo ziliimbwa na watu waliolima kwa pamoja, ili majembe yashuke kwa wakati mmoja na mchovu asiachwe nyuma. Mtoto aliondoka uwanjani akizungusha kijiti kama jembe, na baba akijaribu kufuatisha wimbo.

Jibu la baba yule lilitugusa. Wapo wazazi wengi kama yeye, na hawana hatia. Lakini laiti bibi yule asingekuwapo, swali la mtoto lingebaki bila jibu. Wazee wanaojua maana ya nyimbo hizi wanapungua kila mwaka.

Si kwamba nyimbo hazikuhifadhiwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa nyimbo, zikiwamo za Wasukuma; kanda zake zimo katika maktaba ya muziki huko Afrika Kusini. Mwaka 2010 mtaalamu wa Marekani, Frank Gunderson, alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichochapishwa Leiden, Uholanzi. Tunawashukuru. Hata hivyo, ni ajabu kwamba wimbo wa mkulima wa Bariadi ni rahisi kuupata ng'ambo kuliko katika shule ya kijiji chake.

Ndugu zetu wa visiwani wanalifahamu jambo hili. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ili vizazi vijavyo vijue mila za wahenga. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka 1981 mwandishi akafariki. Miaka 35 ya kungoja ni mingi mno. Tusiwangojeshe hivyo wazee waliobaki.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi walifundishwa kudharau ngoma zao. Wajibu aliouweka siku ile haujaisha. Tunawaomba maofisa utamaduni wa mikoa ya Kanda ya Ziwa watekeleze mambo matatu. Kwanza, mashindano yatengewe saa za mchana kwa ajili ya watoto, na mzee mmoja apewe kipaza sauti aeleze kila wimbo kabla haujachezwa. Pili, nakala za kanda za zamani ziombwe kutoka zilikohifadhiwa, zisikilizwe mashuleni na katika maktaba za wilaya, visiwani na bara. Tatu, walimu wawaalike wazee darasani wangali hai. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kanda iliyofungiwa kabatini haimlei mtoto; anayemlea ni mzazi anayemshika mkono, akasikiliza naye, na akakubali kusema "sijui, tumwulize bibi." Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mtoto hawezi kulaumiwa kwa kuacha asili ambayo hakuna aliyempeleka kuiona.