Rimoti na Ujinga wa Hiari

Wako watu wasemao kwamba kila kazi ina fundi wake, na kwamba asiye fundi hafanyi vema kutia mkono katika kazi asiyoijua. Neno hili ni kweli likinenwa mahali pake. Mgonjwa hajipasui tumbo mwenyewe, wala abiria hamnyang'anyi dereva usukani. Lakini kweli ikiondolewa mahali pake hugeuka kuwa kisingizio, na kisingizio kikizoewa huwa ujinga wa hiari. Ujinga huo ndio nitakaopigana nao hapa, na mfano wangu ni mdogo hata huenea katika kiganja: rimoti ya televisheni.

Naanza na aibu yangu, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi. Rimoti ya televisheni ya mama yangu ilitumbukia majini ikafa. Nikanunua nyingine sokoni, ile iuzwayo kwa televisheni za namna zote. Nikaielekeza, nikabonyeza, televisheni haikujibu. Tukamwita fundi. Akaja, akatupa mgongo, akabonyeza mara chache, mambo yakawa sawa. Akadai shilingi 300, nasi tukampa pamoja na shukrani. Baada ya miezi michache betri zikaisha. Mama akazitoa jioni, akatia mpya asubuhi, kumbe rimoti imekwisha kusahau yote iliyofundishwa. Fundi akarudi, na shilingi 300 nyingine zikaenda zake. Nilipotaka kumwita mara ya tatu, mama aliniuliza, "Mwanangu, chuo cha ualimu ulikaa miaka mingapi?" Sikuwa na jibu. Nikaitafuta karatasi iliyokuja ndani ya kisanduku cha rimoti, ambayo sikupata kuikunjua tangu siku ya kununua.

Hebu sasa tuutazame ujuzi niliokuwa nikiulipia. Mwaka 1800 mnajimu William Herschel, akiwa Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembetatu ukagawanyika rangi zake. Akaweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu, pasipoonekana kitu, akaona joto limezidi. Ndivyo ilivyogunduliwa nuru ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Rimoti nyingi za leo husema na televisheni kwa nuru hiyo. Taa ndogo iliyo mbele ya rimoti humetameta kwa kasi, aghalabu karibu mara 38,000 kwa sekunde, na mametameto hayo hukatwa vipande vifupi na virefu, kila amri na mpango wake. Ukitaka kuithibitisha taa hiyo, itazame kwa kamera ya simu huku umebonyeza kitufe. Katika simu nyingi utaiona iking'aa.

Kila kampuni ina mipango yake ya amri, ndiyo sababu rimoti ya televisheni moja haiwezi kuiamuru nyingine. Rimoti ya televisheni zote imebeba mipango ya kampuni nyingi katika kumbukumbu yake, kama maktaba ibebavyo vitabu. Zile tarakimu tatu au nne alizozibonyeza fundi si siri wala uganga. Ni kama nambari iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu: humwonyesha mtunza maktaba kitabu kipi akitoe rafuni.

Na kazi yenyewe ni hii. Washa televisheni kwa mkono. Tafuta jina la kampuni yake katika karatasi, nawe utaona nambari moja au zaidi. Katika rimoti nyingi utakishika kitufe kilichoandikwa SET mpaka taa iwake isizimike. Kisha ingiza nambari, na taa itazima. Jaribu sauti, jaribu stesheni, jaribu kuzima. Ikiwa vitufe vingine vinatii na vingine vinakaidi, shika nambari inayofuata. Karatasi ikiwa imepotea, rimoti nyingi zaweza kuagizwa zijaribu mipango yote mmoja baada ya mwingine, nawe uisimamishe mara tu televisheni inapotii. Mtu asiyewahi kuifanya kazi hii ataimaliza kabla chai yake haijapoa.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Fundi naye ale." Naam, ale! Fundi anayefungua televisheni iliyoungua, akatafuta kifaa kilichokufa, akakitoa na kuchomelea kipya, huyo anastahili ujira wake wote. Lakini tumlipe kwa ufundi wake, tusimlipe kwa uvivu wetu. Naye anayegeuza mgongo ili mwenye nyumba asione nambari nne hauzi ufundi; anauza giza.

Wa pili watasema kwamba karatasi zile zimeandikwa kwa lugha za kigeni, tena kwa herufi za kuumiza macho. Hawa wana haki, na hapa lawama yangu inahama kutoka kwa mnunuzi hadi kwa muuzaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Je, mama asiyesoma Kiingereza amepewa haki gani akikabidhiwa karatasi ya Kiingereza? Pesa zake zilipopokelewa hakuulizwa anajua lugha gani. Waletao bidhaa hizi nchini wanapaswa kuziandikia maelezo ya Kiswahili, nasi tunapaswa kuyadai bila kuona haya.

Wa tatu watacheka waseme kwamba rimoti ni jambo dogo. Ni dogo kweli, lakini tabia haina udogo. Mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya televisheni ya analogi, king'amuzi kiliingia katika nyumba nyingi, na rimoti ya pili ikaja pamoja nacho. Vyombo vinazidi kuongezeka kila mwaka. Aliyezoea kutouliza habari za rimoti hataulizia mita ya umeme, wala masharti ya mkopo aliochukua kwa simu, na hapo hasara haitakuwa shilingi 300.

Basi ninyi vijana wa sekondari, mnaosoma nuru katika fizikia na kufanya mtihani kwa lugha mbili, msiniambie kwamba kazi hii imewashinda. Likizo hii ikunjueni karatasi hiyo. Ifasirini kwa Kiswahili chepesi, mumsomee mama au nyanya, naye abonyeze kwa kidole chake mwenyewe. Nambari iliyokubali iandikeni kwenye kipande cha karatasi, mkibandike ndani ya kifuniko cha betri. Mimi nimekwisha kufanya hivyo nyumbani kwetu. Betri zilipoisha tena, mama hakumwita fundi, wala hakuniita mimi.