Hospitali ya Kanisa, Fedha ya Umma

Hoja iliyochapishwa kwamba hospitali ya kanisa ina haki ya kuchagua huduma zake, na mwanamke asiyeridhika aende kwingine, haiijui Ngorongoro. Kwa miongo kadhaa hospitali za wilaya hiyo zilikuwa Endulen na Wasso, zote za Kanisa Katoliki, ambalo kwa waraka wa Papa Paulo VI wa 1968 linakubali njia za asili tu za kupanga uzazi. Mama wa Endulen anayetaka kipandikizi au sindano, akikuta zahanati ya serikali haina, kwingine kwake ni Karatu: kuzunguka ukingo wa kasoko, kisha kuteremka hadi lango la Lodoare, mtoto mgongoni na nauli ya kutafuta. Hospitali ya Kilutheri ya Karatu haifungwi na waraka huo, lakini haki ya raia haipaswi kutegemea dhehebu lililotangulia kufika kwao.

Makanisa yaliwatibu Wamaasai pale ambapo serikali haikufika, na heshima hiyo ni yao. Hata hivyo, tangu makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa, fedha ya umma imechangia hospitali za makanisa. Itifaki ya Maputo, ambayo Tanzania iliiridhia 2007, inampa mwanamke haki ya kuchagua njia yoyote ya uzazi wa mpango. Padri halazimishwi kuitoa. Anayewajibika ni serikali: kila zahanati ya tarafa ya Ngorongoro iwe na vipandikizi, pamoja na mkunga aliyefunzwa kuviweka na kuvitoa.